Sindano Takoni, Ndevu Kidevuni

Mwanamume mwenye upungufu wa testosteroni akianza matibabu, mara nyingi huchomwa sindano takoni au pajani. Miezi inapita, ndevu zinajaa kidevuni, kifua kinaota nywele, mabega yanatanuka. Tako lililochomwa halimpiti pacha wake kwa ukubwa. Jambo hilo dogo linajibu nusu ya swali linalozuka kila inaposambaa picha ya mtu mwenye mikono iliyovimba kama maputo: je, ukidunga dawa kwenye msuli fulani, msuli huo ndio utakaokua?

Nusu ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu huko jimu mambo matatu tofauti huhesabiwa kuwa jambo moja. Kuna anayebadilisha mahali pa kudunga ili sehemu moja isichoke. Kuna anayedunga steroidi kwenye msuli mdogo uliokataa kukua, akiamini dawa itafanya kazi pale pale. Na kuna anayejaza msuli mafuta yasiyo na dawa yoyote ili utune, kama mtu anavyojaza mto pamba. Wa kwanza ana hoja ya kitabibu. Wa pili amekosea hesabu. Wa tatu anapata anachokitaka, kisha analipa kwa miaka.

Tuweke maneno sawa kwanza. Steroidi zinazozungumziwa hapa ni za anaboliki, yaani testosteroni na ndugu zake waliotengenezwa maabara. Zisichanganywe na steroidi za pumu na mzio kama prednisoloni, ambazo zikitumiwa muda mrefu hudhoofisha misuli badala ya kuijenga. Sindano ya msuli hupita ngozi na mafuta ya chini yake hadi kwenye nyama yenyewe. Sindano ya chini ya ngozi, kama ya insulini, huishia kwenye yale mafuta. Mengi ya makosa tutakayoyaona huanzia kwa mtu asiyejua ncha yake imeishia wapi.

Safari ya mililita moja

Chukua mililita moja ya testosteroni iliyoyeyushwa kwenye mafuta ya mbegu. Ikikusanywa iwe duara, ni gololi yenye kipenyo cha milimita 12 hivi. Ikiingia msulini haibaki gololi. Inajipenyeza katikati ya nyuzi na kutandaa kufuata mwelekeo wake, kama mafuta ya taa yanavyofuata utambi. Hapo inakaa kama bohari, na homoni huvuja kutoka humo kidogo kidogo.

Homoni hiyo imefungiwa mkia wa asidi. Mkia mfupi, kama wa propioneti, huiacha itoke ndani ya siku chache. Wa enantheti ni mrefu zaidi, na wa undekanoeti huifanya itoke kwa wiki nyingi. Sababu ni kwamba kadiri mkia unavyorefuka ndivyo molekuli inavyopenda kubaki kwenye mafuta kuliko kutoka kwenda kwenye majimaji ya mwili. La muhimu kwetu ni hili: ikiwa bado na mkia, testosteroni haifanyi kazi ipasavyo kwenye kipokezi chake, yaani sehemu ya chembe ya mwili inayoipokea. Lazima vimeng'enya viukate kwanza, na kazi hiyo hufanyika zaidi baada ya homoni kuondoka bohari na kuingia kwenye damu.

Mtu mzima ana damu lita 5 hivi, na moyo uliotulia husukuma takriban lita 5 kwa dakika. Kwa hiyo ndani ya dakika moja au mbili homoni iliyotoka kwenye mkono wa kulia imeshapita mkono wa kushoto, ini, ubongo, tezi dume na vigimbi vyote viwili. Fikiria tangi la maji juu ya paa. Bomba la kujazia linaweza kuingilia kushoto au kulia. Mabomba ya jikoni na bafuni hayajui wala hayajali.

Wengine hudhani kwamba dawa za maji, kama steroidi ya stanozololi iliyo katika chembechembe, ni tofauti kwa kuwa hazina mafuta wala mkia. Tofauti ni mwendo tu. Chembe zikiyeyuka, zinafuata njia ile ile ya damu.

Kwa nini basi watumiaji wengi hujaa zaidi mabega na shingo kuliko mapaja, hata wale wasiowahi kudunga popote ila takoni? Kwa sababu misuli ya sehemu hizo ina vipokezi vingi zaidi vya homoni za kiume. Homoni hufika kila mahali kwa kiwango kile kile. Wapokeaji ndio wanaotofautiana.

Mbona walioijaribu wanaapa?

Wanaapa kwa sababu tepu ya kupimia mkono imewaambia. Hapa panafaa kusimama kidogo, maana ndipo uzushi wote unapozaliwa.

Ndani ya kichupa hamna homoni na mafuta peke yake. Mna pombe ya benzili ya kuzuia vijidudu, na mara nyingi benzoeti ya benzili ya kusaidia homoni iyeyuke. Watengenezaji wa vichochoroni hupenda kukandamiza homoni nyingi kwenye mililita chache, kwa hiyo huongeza viyeyushi hivyo. Dawa ikishaingia mwilini, viyeyushi huondoka haraka kuliko homoni, na homoni iliyobaki bila pa kuyeyukia hugeuka vijiwe vidogo kama chumvi inavyoganda sufuriani maji yakikauka. Mwili huviona kama uchafu. Chembe nyeupe za damu zinakimbilia pale, majimaji yanajaa, sehemu inapata joto, inauma, inavimba.

Anayedunga mkono leo akipima keshokutwa ataona umeongezeka. Uvimbe ukianza kushuka, anadunga tena. Baada ya mwezi wa kurudia, hajawahi kuuona mkono wake katika ukubwa wake halisi hata siku moja; anachopima ni uvimbe. Ongeza kwamba mtu anayehangaikia mkono wake huufanyisha mazoezi kuliko zamani, na kwamba dawa ile ile inakuza mwili mzima, mkono ukiwemo. Sifa zote inapewa ncha ya sindano.

Wako waliotumia uvimbe huu kwa makusudi. Kabla ya mafuta ya kujazia kuenea, kulikuwa na formeboloni, steroidi dhaifu ambayo sifa yake kubwa kwa watunisha misuli ilikuwa kuuchokoza msuli. Ilidungwa siku chache kabla ya kupanda jukwaani kwenye misuli midogo iliyobaki nyuma, ikavimba, majaji wakapita, ikanywea.

Insulini nayo ina uzushi wake. Ni kweli kwamba ukiidunga mahali pamoja kila siku panaota uvimbe, na wagonjwa wa kisukari wanaujua vizuri. Lakini uvimbe huo ni mafuta na kovu laini, hauna hata uzi mmoja wa msuli, na dawa ikidungwa humo hunyonywa ovyo ovyo. Anayeidunga moja kwa moja msulini akitafuta ukuaji wa pale pale anapata kitu kingine kabisa: msuli hunyonya insulini haraka kuliko mafuta ya chini ya ngozi, hasa msuli ulio katika mazoezi, na sukari inaweza kuporomoka kabla hajafika nyumbani. Jasho jingi, kutetemeka, njaa ya ghafla na kuropoka ni dalili za sukari kushuka chini ya 3.9 mmol/L. Akiwa anaweza kumeza, apewe gramu 15 hadi 20 za sukari mara moja. Akizimia asitiwe kitu mdomoni. Ni gari la wagonjwa.

Mto uliojazwa pamba

Wa tatu katika wale wetu hatumii homoni mkononi. Anatumia mafuta matupu. Wazo lenyewe ni la kale. Mwaka 1899 huko Vienna daktari Robert Gersuny alimdunga vaselini kijana aliyeondolewa korodani kwa sababu ya kifua kikuu, ili mfuko usionekane mtupu. Matokeo ya mwanzo yalipendeza, na upesi madaktari wakawa wanadunga parafini kwenye pua, mashavu na matiti. Kisha vikaja vinundu vigumu, vidonda visivyopona, mafuta yaliyosafiri hadi mapafuni, na watu waliopofuka baada ya mafuta kuziba mishipa ya macho. Udaktari uliachana na jambo hilo karne moja iliyopita. Watunisha misuli wakalirudia.

Toleo lao linalojulikana zaidi ni Synthol, iliyotokea Ujerumani miaka ya 1990 na kuuzwa kama mafuta ya kujipaka kabla ya kupanda jukwaani. Mchanganyiko unaotajwa ni asilimia 85 mafuta, 7.5 lidokeini ya kutia ganzi na 7.5 pombe ya benzili. Itazame ile lidokeini vizuri. Maumivu ndiyo kengele inayomwambia mtu kwamba ncha imegusa neva au kwamba tishu inaharibika, na hapa kengele imefungwa mdomo tangu kiwandani. Wengine hutumia mafuta ya kupikia, parafini, au, kama ilivyozoeleka Brazili, vitamini A, D na E za mifugo zilizo kwenye mafuta.

Sehemu ya mafuta hayo huvunjwa na mwili, sehemu kubwa hubaki. Parafini haivunjwi kabisa, kwa sababu mwili hauna kimeng'enya cha kuisaga. Kinachoshindikana kuondolewa huzungushiwa ukuta wa kovu, na kila tone hupata ukuta wake. Ukikata msuli wa namna hiyo unaona matundu matundu kama sifongo, nyuzi zikiwa zimesukumwa kando na kunyauka. Ndiyo maana mkono huo mkubwa haubebi uzito unaolingana nao, unatikisika kwa namna ya ajabu na umbo lake halifuati mchoro wa msuli chini ya ngozi. Na ndiyo maana upasuaji wake ni mgumu. Hakuna mfuko mmoja wa kutoboa mafuta yakamwagika. Daktari hulazimika kukata na msuli wenyewe.

Kuna madhara mengine ambayo wachache huyahusisha na mkono. Vile vinundu vya kovu vimejaa chembe za kinga, na chembe hizo hutengeneza vitamini D iliyo tayari kufanya kazi bila kusubiri amri ya figo. Utumbo unanyonya kalsiamu kupita kiasi, kalsiamu inapanda kwenye damu, figo zinatengeneza mawe na hatimaye zinaweza kushindwa. Haya huja hata miaka kadhaa baada ya sindano ya mwisho. Mtu anakuwa na kiu isiyoisha, anakojoa mno, anafunga choo, anachoka, anapata kichefuchefu, na anapimwa kisukari kisionekane. Asipoutaja mkono wake, hakuna atakayemuuliza. Aliyetumia zile vitamini za mifugo ana njia mbili za kufika hapo, kwa sababu vitamini D yenyewe imo kwenye kichupa.

Kwa nini muuguzi ana sehemu chache tu

Sindano za msuli hospitalini huchomwa sehemu chache: upande wa nyonga, robo ya juu ya nje ya tako, upande wa nje wa paja, na bega. Hazikuchaguliwa kwa mazoea. Ni mahali penye nyama nene na palipo mbali na neva na mishipa mikubwa. Ujazo pia una kikomo: bega la mtu mzima kwa kawaida hupewa mililita 1, mara chache 2, wakati misuli mikubwa ya nyonga na paja huweza kupokea hadi 4 au 5. Kubadilisha kati ya sehemu hizi ndiyo ile hoja ya kitabibu ya wa kwanza, kwani pachomwapo kila mara pale pale hugeuka kovu, na kovu halinyonyi dawa vizuri.

Misuli anayoitamani mtunisha misuli ndiyo hasa iliyoachwa nje ya orodha. Upande wa ndani wa mkono wa juu, kando ya baisepsi, umepita mshipa mkuu wa ateri wa mkono ukiwa bega kwa bega na neva ya kati. Nyuma, chini ya traisepsi, neva ya radiali imejizungusha kwenye mfupa. Ikiumia, kiganja kinaning'inia na mtu hawezi kukiinua. Kigimbi kimefungwa kwenye utando mgumu usiotanuka. Ukimimina mafuta humo au damu ikivujia ndani, shinikizo linapanda hadi damu mpya inashindwa kuingia. Maumivu yanakuwa makali kuliko jeraha linavyoonekana, yanazidi vidole vikikunjwa juu, kisha ganzi. Hiyo hupimwa kwa saa, si kwa siku, na dawa yake ni kisu cha daktari wa upasuaji. Kifuani na sehemu ya juu ya bega karibu na shingo, pafu liko karibu kuliko watu wanavyodhani. Ncha ikilitoboa, hewa hujaa nje yake na mtu anabaki na kichomi na pumzi fupi.

Hata takoni si pa kuchomwa ovyo. Robo ya chini ya ndani ndiyo njia ya neva ya siatiki, nene kama kidole kidogo. Ikipigwa, umeme hushuka hadi wayo, na mguu unaweza kuanza kuburuzwa.

Kuna imani kwamba ukivuta pistoni kidogo na damu isionekane, uko salama. Kuvuta kuna maana kwa dawa za mafuta, lakini hakumalizi shaka: mafuta mazito hupita polepole kwenye sindano nyembamba, ncha inaweza kusogea milimita mbili mkono ukitetemeka, na mshipa mdogo unaweza kunyonywa ukajifunga. Mafuta yakiingia kwenye vena hufika mapafuni kwa sekunde. Mtu anashikwa na kikohozi cha ghafla kisichozuilika, kifua kinabana, wengine husikia ladha ya chuma mdomoni. Mara nyingi hupita ndani ya nusu saa, na kwa sababu hupita, jimu wamekizoea. Wakati Marekani inaidhinisha sindano ya testosteroni undekanoeti mwaka 2014, iliweka sharti kwamba mgonjwa akae kituoni dakika 30 akiangaliwa, na hiyo ilikuwa dawa halali iliyochomwa na mtaalamu. Yakiingia kwenye ateri ni balaa tofauti: maumivu makali papo hapo, ngozi inapauka kisha inapata michirizi ya zambarau kama wavu, na siku zinazofuata kipande cha ngozi na nyama kinaweza kufa.

Jipu, usaha na kichupa cha pamoja

Ajali inayowapeleka wengi hospitalini ni ya kawaida kuliko hizo zote. Ni jipu. Vijidudu vinatoka kwenye ngozi, kwenye kizibo cha kichupa kilichotobolewa mara ishirini, au kwenye dawa yenyewe iliyochanganywa kwenye meza ya mtu. Kuchuja kwa chujio la mikroni 0.22 huzuia bakteria, ila sumu walizokwisha kuziacha hupita. Bohari ya mafuta ni nyumba nzuri kwa vijidudu hivi, kwa kuwa damu haifiki katikati yake, na isipofika damu haifiki antibiotiki.

Hapo ndipo wengi wanapokosea wakimeza vidonge vya kubahatisha. Vinapunguza homa, jipu linabaki, linajenga ukuta, linarudi na nguvu. Jipu lililokomaa linahitaji kutobolewa na kusafishwa katika mazingira safi. Kulikamua au kulinyonya kwa bomba la sindano nyumbani husukuma usaha ndani zaidi. Na kama linajirudia baada ya kusafishwa vizuri, daktari afikirie bakteria wa jamii ya kifua kikuu wanaoishi kwenye maji na udongo; hao hawaonekani kwenye kipimo cha kawaida cha usaha, na dawa zao humezwa kwa miezi.

Namna ya kutofautisha uchungu wa kawaida na maambukizi ni kuangalia mwelekeo. Uchungu wa kawaida hufikia kilele kati ya saa 24 na 48, kisha hushuka. Ukiwa bado unapanda siku ya tatu, au homa imefika nyuzi 38, au katikati pamekuwa laini kama tunda lililoiva mno, ni hospitali. Chora mpaka wa uvimbe kwa kalamu na uandike saa. Mstari ukivukwa, huna haja ya kubishana na mtu. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu, huenda usiuone kabisa. Gusa joto, tazama ngozi inayong'aa na kukaza. Maumivu yasiyolingana na kinachoonekana, malengelenge au rangi ya kijivu vikitokea, usingoje asubuhi.

Kuhusu kushirikiana, wengi wameelewa kwamba sindano haichangiwi. Kichupa wanakichangia. Mtu akichovya sindano aliyokwisha kuitumia ili kuongeza kidogo, damu yake imeingia kwenye dawa ya wote. Kirusi cha homa ya ini B hubaki hai nje ya mwili angalau siku 7, na cha C kimeonekana maabara kikiishi ndani ya bomba la sindano kwa wiki kadhaa. Aliyejikuta katika hali hiyo ana saa 72 za kuanza PEP, dawa za dharura za kuzuia VVU, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyofaa. Humezwa siku 28. Homa ya ini B ina chanjo. C haina, ila inatibika kwa vidonge.

Cha kumwambia daktari

Aibu huchelewesha watu kuliko kitu kingine, na hadithi ya kuanguka kwenye ngazi humfanya daktari atafute mfupa uliovunjika. Anachohitaji kujua ni kilichodungwa, mililita ngapi, msuli gani, lini, mara ngapi, na kama kichupa au sindano ilichangiwa. Mafuta ataje kwa jina, hasa kama ni parafini au ya mifugo, na aombe kalsiamu ipimwe pamoja na figo, hata kama sindano ya mwisho ilikuwa miaka iliyopita. Aliyekuwa akitumia steroidi aseme pia ameacha lini, kwa sababu korodani zinazolala wakati wa matumizi huchukua miezi kuamka, na uchovu na huzuni za kipindi hicho zina tiba yake.

Kichupa kilichobaki na matone machache kiende naye, kikiwa kimefungwa. Lebo inaweza kudanganya, lakini kutoka kwenye matone hayo maabara inaweza kuotesha vijidudu na kujua dawa itakayoviua.